Muscat hadi Zanzibar: masaa matano na nusu, au mwaka mzima

Ukiandika kwenye simu "Muscat hadi Zanzibar", jibu linakuja kabla hujamaliza kuandika. Kama kilomita 3,900 kwa mstari ulionyooka. Ndege ya moja kwa moja, kama masaa matano na nusu. Wengi wetu tunaosikiliza kipindi hiki tumeshawahi kuuliza swali hilo. Pengine kuna harusi Unguja, pengine bibi amesema anataka kwenda "kabla sijafa", pengine rafiki wa shule amekuuliza: kwani nyinyi hasa mnatoka wapi, na ni mbali?

Jibu la simu ni sahihi. Lakini kwa miaka mingi sana hakuna aliyepima safari hii kwa kilomita. Watu waliuliza swali jingine: nikienda, nitarudi lini? Na ukiifuata historia yetu kwa swali hilo, mambo mengi yanafunguka, mpaka kwa nini mtu kama mimi, niliyezaliwa Muscat, nakaa hapa naandika Kiswahili.

Kwanza hesabu

Chukua ramani, piga mstari kutoka Muscat (au Maskati, kama wanavyosema wazee) hadi Zanzibar. Mstari unakata jangwa la Oman, unapita Dhofar, unavuka Ghuba ya Aden, unaingia Somalia, unatoka tena baharini karibu na Kismayo, unaiacha Lamu upande wa kulia, unapita Pemba, halafu uko Unguja. Ndege za kawaida zinaruka kama kilomita 800 na kitu kwa saa. Ukiongeza muda wa kupanda, kushuka na kuzunguka uwanjani, ndiyo unapata hayo masaa matano na nusu.

Sasa kuna kitu kinachowachanganya wengi kwenye tiketi. Oman iko saa moja mbele ya Zanzibar. Tuseme unaondoka Muscat saa nane mchana. Ukitua, saa ya Muscat ni saa moja na nusu usiku, lakini Zanzibar ni saa kumi na mbili na nusu jioni. Kwa hiyo tiketi inaonyesha kama umeruka masaa manne na nusu tu. Kurudi, ukiondoka Unguja saa nane mchana, unafika Muscat saa mbili na nusu usiku, na tiketi inaonyesha masaa sita na nusu. Ile saa uliyopewa ukienda, unairudisha ukija.

(Na kama hapo juu umejiuliza mbona saa nane ni mchana: saa za Kiswahili zinahesabiwa kuanzia jua kuchomoza. Muulize mama, atakueleza.)

Pepo mbili

Kabla ya ndege na kabla ya meli za moshi, safari hii ilitegemea pepo mbili. Kaskazi inavuma kutoka upande wa Uarabuni na Bara Hindi, kama Desemba mpaka Machi. Kusi inavuma kutoka upande wa pili, kama Aprili mpaka Septemba. Majahazi ya Muscat, ya Sur na ya bandari nyingine za Ghuba yaliteremka na kaskazi, yakapanda na kusi. Ukijaribu kwenda kinyume, unapigana na bahari nzima.

Hebu yasikilize maneno yenyewe. Kaskazini ni kunakotoka kaskazi. Kusini ni kunakotoka kusi. Yaani kila siku tunapotaja pande za dunia tunataja pepo, na ratiba ya safari ya mababu imo ndani ya maneno hayo. Au chukua neno "msimu". Limetoka kwenye Kiarabu, mawsim, na neno hilohilo, likipitia kwa Wareno, ndilo lililowapa Waingereza jina lao la pepo hizi. Upepo mmoja, lugha nne.

Kaskazi ikiwa nzuri, jahazi lilichukua kama wiki tatu au nne kutoka Oman mpaka Zanzibar. Ikizembea, zaidi ya hapo. Na njia yenyewe ilikuwa ndefu kuliko ule mstari wetu wa ramani, maana jahazi haliwezi kukata jangwa. Lilizunguka Ras al-Hadd, likafuata pwani ya Uarabuni au likakata bahari, likaizunguka pembe ya Afrika kwenye Ras Hafun, kisha likateremka na pwani ya Somalia, Lamu na Mombasa. Lilibeba tende, chumvi na papa mkavu. Kurudi lilipakia boriti za mikoko, karafuu na pembe za ndovu.

Lakini hizo wiki tatu au nne ni nusu ya hesabu. Ukifika Unguja Januari au Februari, huwezi kugeuza. Kaskazi bado inavuma, na itakupiga usoni. Lazima ungoje kusi. Wengine walitoka Aprili, kusi ilipoanza. Aliyechelewa alikaa zaidi, kwa sababu Juni na Julai kusi inakuwa kali na bandari za upande wa Uarabuni hazifikiki kwa salama. Huyo alingoja mpaka Agosti au Septemba, upepo ulipolegea. Kwa hiyo safari ambayo simu yako inakwambia ni masaa matano na nusu, kwenda na kurudi ilikula sehemu kubwa ya mwaka.

Kilichofanyika wakati wa kungoja

Mtu akikaa mji wa watu miezi mitatu, minne, au minane, hakai kama mtalii. Anapanga chumba. Anakopa, anakopeshwa. Anaswali msikiti uleule kila siku. Anajifunza lugha ya sokoni. Wengi walioa, wakawa na nyumba mbili, moja kila upande wa bahari. Mtoto aliyezaliwa Unguja alilelewa na mama na bibi, akaongea lugha ya mama na bibi. Ukoo mmoja ukawa na watu wa Kiarabu na watu wa Kiswahili, na hakuna aliyeona ajabu.

Hapa niseme jambo moja, kwa sababu naliulizwa sana na vijana wenzangu wa hapa Ghuba. Kiswahili hakikuzaliwa na wageni hao. Ni lugha ya Kibantu, ilikuwepo pwani, na mifupa yake ni ya huko: ngeli zake, vitenzi vyake, namna ya kujenga sentensi. Waliokuja na msimu waliikuta. Walichofanya ni kukaa nayo muda mrefu kiasi cha kuiachia maneno. Nahodha na bandari yana asili ya Kiajemi. Safari na abiria ni Kiarabu. Lakini tanga, lile linaloshika upepo, ni neno la wenyeji. Maneno hayo hayahami kwa safari ya siku tano. Yanahama kwa watu wanaokaa pamoja wakingoja.

Na hayakuhama maneno peke yake. Zile boriti za mikoko zilizokatwa Lamu na kwenye delta ya Rufiji zilivushwa mpaka Oman, Bahrain na Kuwait, zikashikilia dari za nyumba. Boriti ya mkoko ina urefu wake, na urefu huo ndio uliopanga chumba kiwe na upana gani. Ndiyo maana ukiingia nyumba ya zamani Mji Mkongwe, kisha ukaingia nyumba ya zamani hapa Ghuba, vyumba vyote viwili utavikuta virefu na vyembamba. Mti mmoja ulivipimia vyote.

Msimu huo uliendelea mpaka karne ya 20. Mwisho wa 1938 baharia wa Australia, Alan Villiers, alipanda jahazi la Kuwait huko Aden. Akateremka nalo mpaka Mombasa na Zanzibar, akaingia nalo Rufiji kupakia boriti, akarudi nalo Ghuba katikati ya 1939. Aliandika kitabu na kupiga picha nyingi. Ukiziangalia utaona mabaharia, abiria, mizigo, wote wakiishi kwa ratiba ya upepo, wakati ule ambapo ndege zilikuwa zimeshaanza kupita angani juu yao.

Walioenda bila kurudi

Kama nikiishia hapo, nitakuwa nimewapa hadithi tamu ya uongo. Majahazi hayohayo yalibeba watu waliofanywa watumwa. Walikamatwa bara, wakateremshwa pwani, wakauzwa Zanzibar, na baadhi yao wakavushwa na kusi mpaka Oman na Ghuba, kufanya kazi kwenye mashamba ya mitende, kupiga mbizi za lulu, na kutumika majumbani.

Kwa mfanyabiashara, umbali wa Zanzibar na Muscat ulikuwa mwaka mmoja, maana kaskazi na kusi zilimrudisha. Kwa mtu aliyeuzwa, umbali haukuwa na kipimo. Bahari ni ileile, wiki ni zilezile, lakini kwake hapakuwa na kaskazi ya kumrudisha. Waingereza waliwawekea masultani mikataba ya kubana biashara hiyo: 1822, 1845, na ule wa 1873 uliofunga soko la watumwa la Zanzibar. Utumwa wenyewe ulipigwa marufuku kisheria Zanzibar mwaka 1897, na Oman mwaka 1970.

Wazao wa watu hao wapo hapa, ni majirani zetu, na wengine ni sisi wenyewe. Ngoma ya leiwa inayopigwa Oman na nchi nyingine za Ghuba asili yake ni Afrika Mashariki, na katika baadhi ya nyimbo zake maneno ya Kiswahili bado yanasikika. Unaposema "mimi nina asili ya Zanzibar" ukiwa Muscat, kumbuka kuwa kuna aliyefika kwa tiketi na kuna aliyefika kwa kamba.

Sultani aliyefia njiani

Umbali huu uliwashinda hata wafalme. Sayyid Said bin Sultan alitawala pande zote mbili. Katika miaka ya 1830 makao yake yalihamia Zanzibar; wengine wanataja 1832, wengine 1840, kwa sababu hakuhama siku moja. Alikuwa akienda na kurudi. Akiwa Unguja, Oman inamsumbua. Akiwa Oman, Unguja inamngoja. Barua ikihitaji upepo, amri nayo inahitaji upepo.

Septemba 1856 aliondoka Oman kurudi Zanzibar kwa manowari yake, Victoria. Hakufika hai. Alifariki baharini tarehe 19 Oktoba, karibu na Ushelisheli. Mwanawe Barghash, aliyekuwa naye safarini, alifika na maiti. Nyuma yao, Muscat ilikuwa mkononi mwa mwana mwingine, Thuwaini. Mbele yao, Zanzibar ilikuwa mkononi mwa Majid. Ndugu wawili, kila mmoja na mji wake, na bahari ya wiki nne katikati.

Ugomvi wao uliamuliwa na mtu wa tatu. Mwaka 1861 Lord Canning, mwakilishi wa Uingereza huko Bara Hindi, alitoa hukumu: Zanzibar na Oman ziwe dola mbili, na Zanzibar ilipe Muscat reale 40,000 kila mwaka. Kilomita hazikuongezeka hata moja, lakini kuanzia siku hiyo miji hii miwili ilikuwa nchi mbili.

Baada ya hapo dunia ikaanza kwenda mbio. Mfereji wa Suez ulifunguliwa 1869. Mwaka 1872 meli za moshi za kampuni ya British India zilianza kuleta barua Zanzibar kupitia Aden, na meli ya moshi haisubiri kusi. Mwaka 1879 waya wa simu ya maandishi ulilazwa chini ya bahari kutoka Aden mpaka Zanzibar, na habari zikaanza kumtangulia msafiri. Muda ukapungua. Lakini angalieni vizuri: hata muda ulipopungua, kurudi hakukuwa rahisi zaidi kwa kila mtu.

Safari iliyochukua miaka kumi

Tarehe 12 Januari 1964 yalitokea Mapinduzi Zanzibar. Kwa Wazanzibari wengi ni siku ya ukombozi, kwa wengi wengine ni siku ya msiba, na kuna nyumba ambazo kauli zote mbili zinakaa meza moja. Watu waliuawa, wengine walifungwa, wengine wakaondoka kwa meli, kwa majahazi, kwa mashua za usiku. Enzi ya Mzee Abeid Karume, mpaka alipouawa Aprili 1972, kutoka kisiwani kulihitaji ruhusa, na ruhusa haikuwa rahisi.

Walioondoka hawakuruka masaa matano na nusu. Katika ukoo wetu, babu alitoka Unguja na kwenda Mombasa, akakaa. Kutoka Mombasa akaenda Dubai, akafanya kazi bandarini. Oman ya wakati ule, chini ya Sultan Said bin Taimur, haikuwa ikiwafungulia mlango wote waliotaka kuingia. Tarehe 23 Julai 1970 Sultan Qaboos alishika madaraka, akawaita Waomani waliotawanyika warudi wajenge nchi. Waliosoma Afrika Mashariki, Cairo au Uingereza walihitajika maofisini, shuleni, hospitalini. Babu aliingia Muscat 1974. Zanzibar hadi Muscat, miaka kumi.

Kuna aliyechukua muda mrefu zaidi. Sultan wa mwisho wa Zanzibar, Jamshid bin Abdullah, aliondoka Januari 1964, akaishi Uingereza, mjini Portsmouth. Aliruhusiwa kuhamia Oman mwaka 2020 akiwa mzee, na alifariki Muscat Desemba 2024. Zanzibar hadi Muscat kwake ilikuwa miaka 56. Ile ndege yetu ya kila siku ilikuwa ikimpita juu ya kichwa.

Na tazama neno tunalotumia: "warudi". Watu wengi walioitwa "warudi Oman" mwaka 1970 hawakuwahi kuiona Oman. Walizaliwa Unguja, Pemba, Mombasa, wengine Tabora, Bujumbura, mpaka Kongo. Walirudi mahali ambapo hawajawahi kukaa, wakiongea lugha ambayo wengi wa huko hawaijui. Wakajenga nyumba, wakapika wali wa nazi, wakatulea kwa Kiswahili. Sisi ndio matokeo.

Na sisi je?

Kuanzia katikati ya miaka ya 1980, Zanzibar ilipolegeza biashara na safari, wazee walianza kwenda kutembea. Baadaye ndege za moja kwa moja zikafanya jambo hili la kawaida. Oman Air, iliyoanzishwa 1993, imekuwa ikiruka kati ya miji hii miwili, na kwenye foleni ya uwanjani Muscat unasikia Kiswahili kabla hujafika kaunta.

Bibi yangu ana tabia moja. Akienda husema, "Narudi Unguja." Akimaliza wiki zake mbili husema, "Narudi Maskati." Nilipomuuliza, sasa bibi, kwenda ni lini, maana kila mara unarudi tu, alinijibu kwa methali: "Mwanangu, ukienda tezi na omo, marejeo ni ngamani." Tezi ni nyuma ya chombo, omo ni mbele yake, ngama ni pale chini ndani. Zunguka utakavyo, mwisho wake unarudi palepale. Kwa bibi, pale chini ni bahari nzima na pwani zake zote mbili.

Kizazi chetu kimepata kitu ambacho hakuna kizazi kabla yetu kilichokuwa nacho: kurudi kwa uhakika. Tunakata tiketi ya kwenda na ya kurudi kwa dakika moja. Lakini pamoja na kungoja upepo tumepoteza na kukaa. Tunakwenda siku tano, tunalala hoteli ya Nungwi, tunapiga picha Forodhani, tunarudi kazini Jumapili. Binamu zetu tunaongea nao Kiingereza kwa sababu hakuna muda wa kukosea Kiswahili mbele yao. Babu wa babu yangu hakuwa na akili za lugha kunishinda. Alikuwa na miezi minne na hana pa kwenda.

Kwa hiyo nina ombi dogo kwa wanaopanga safari mwaka huu. Ukiweza, usihesabu masaa ya ndege peke yake, hesabu siku utakazokaa. Kaa kwa shangazi badala ya hoteli. Nenda sokoni Darajani peke yako, ununue samaki, ukosee bei, uchekwe, urudi kesho yake.

Na kwa asiyesafiri mwaka huu, kuna safari ya hapo sebuleni. Wale waliotoka 1964 wakiwa watu wazima wamebaki wachache, na waliokuwa watoto sasa ni wazee. Usiwaulize Zanzibar ni mbali kiasi gani, hilo simu inalijua. Waulize: mlitoka kwa chombo gani? Mlipita wapi na wapi? Mlirudi lini mara ya kwanza, na nani hakurudi? Washa kinasa sauti cha simu, weka mezani, halafu nyamaza usikilize. Wakijibu kwa Kiswahili kigumu, waambie warudie polepole. Hawatachoka, wao wamezoea kungoja.